Usitume Usiku Huo

Wanangu, siku hizi nawasikia mkisema mtu akiudhiwa afunguke, atoe dukuduku, ampe mwenzake vidonge vyake, moyo upoe. Ndiyo maana saa sita za usiku stetasi zenu zimejaa mafumbo, na sauti za WhatsApp za dakika nne nne zinamfuata mtu ambaye asubuhi mtakutana naye kazini. Hasira si maji ya mtungi, kwamba ukiyamwaga yamekwisha.

Na hili limepimwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Insha zao zilirudishwa zikiwa na maoni ya kudhalilisha, wakaudhika kwelikweli. Baadhi wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewakosoa; wengine wakaachwa wakae tu kwa dakika chache. Waliopiga mfuko ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi, na walipopewa nafasi ya kulipiza kwa kumsikilizisha mtu huyo kelele kali kwenye vipokea sauti vya masikioni, walikuwa wakali kuliko wale waliokaa kimya.

Asije mmoja wenu akasema mzee anatufundisha kumeza. Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza, wakawaambia baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Uso ukatulia, lakini jasho la mikononi likazidi. Sisi wanaume wa rika langu tumelelewa hivyo: msibani uso mkavu, halafu nyumbani tunawafokea watoto kisa chumvi imezidi.

Basi dawa si kuimwaga wala kuimeza. Kabla ya kusema, ijue kwanza hiyo hasira ni nini. Rafiki hakukupa kadi ya harusi yake, nawe unadai umekasirika. Jikague. Huenda ni aibu, maana mtaa mzima unakuuliza mbona hukuonekana ukumbini. Aibu ina maneno yake, na hayafanani na matusi uliyokuwa umeyapanga. Tena uliza nani aliandika orodha; mnazijua harusi zetu, bwana harusi hupendekeza na wajomba wakakata.

Na ile sauti ya WhatsApp, kama huwezi kujizuia, irekodi kwenye simu nyingine isiyo na bando. Isikilize asubuhi ukishakunywa chai. Ukiona bado lipo la kumwambia, mfuate kwake, mkae barazani, umwambie limekuuma lipi, kisha umwache naye aseme.