Kasiksi haina chapa, ina mwenyewe

Mezani palikuwa na bia za Primus za baridi. Chini ya meza palikuwa na bidoni la njano la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyotoka upande wa Shasha. Tulikuwa arusini Goma, miaka michache iliyopita, na kando yangu aliketi kijana wa ukoo wetu aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji. Alinisimulia kwa furaha juu ya lambiki, bia chachu ya Brussels na vijiji vya jirani, ambayo wenyeji huinywa polepole na kuijadili kila funda. Nilipomkaribisha kasiksi, alikataa kwa adabu. “Baba mdogo, hiyo ni pombe ya kijijini.”

Sikukasirika, lakini neno lile sijalisahau. Lambiki nayo ni pombe ya kijijini. Watengenezaji wake hawatii hamira. Huacha maji ya nafaka yapoe usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, chachu ya porini ikaingia na hewa, kisha huihifadhi katika mapipa mwaka mmoja hadi mitatu. Kasiksi yetu nayo huchachuka kwa chachu isiyonunuliwa dukani, ile inayokaa kwenye ndizi na kwenye unga wa mtama. Tofauti ni kwamba Wabelgiji wameithamini yao. Mwaka 2016 UNESCO iliuandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Rumba yetu ya Kongo iliingia orodha hiyohiyo mwaka 2021. Kasiksi bado tunaiweka chini ya meza.

Mimi kasiksi niliifahamu Shasha, pale barabara ya kutoka Sake kwenda Minova inapopita kati ya milima ya Masisi na Ziwa Kivu. Mjomba wangu alikuwa na migomba mteremkoni. Alichimba shimo, akawasha moto ndani yake ili udongo upate joto, akatoa majivu, akatandika majani ya mgomba na kupanga ndizi mbichi. Juu akafunika majani mengine na udongo. Baada ya siku kadhaa harufu tamu ilitoka ardhini, nasi watoto tukajua kazi imefika. Ndizi zilimenywa, zikatiwa katika mtumbwi wa mti na kukandwa pamoja na nyasi mpaka maji yakajitenga. Hiyo ndiyo mutobe, tamu, isiyolevya, na sehemu yetu watoto ilitolewa kwanza. Iliyobaki ilitiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa mahali penye joto. Siku ya pili ukitega sikio uliisikia ikichemka bila moto.

Jambo lililonikaa zaidi ni lile lililofuata. Wageni walipofika, mjomba hakumpa mtu kibuyu kabla hajanywa yeye mwenyewe mbele ya macho yao. Alikuwa akisema bila maneno: nimeitengeneza mimi, na ikiwa na ubaya, utaanzia kwangu.

Hapo ndipo ninapozilinganisha pombe hizi. Primus ilianza kutengenezwa mwaka 1926 katika mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sifa yake ni kutobadilika. Chupa ya Goma na chupa ya Kisangani zina ladha moja, na kilevi chake, asilimia 5, kimeandikwa. Huo ni uaminifu wa kiwanda, nami nauheshimu. Kasiksi ya wiki hii si ya wiki ijayo. Inafuata mvua, aina ya ndizi, udongo na mkono. Moja ni nzito na tamu, nyingine kali na chachu, na nyingine ina moshi wa ule mtama. Haina karatasi ya kuithibitisha, ina mtu wa kuijibia.

Kwa hiyo mtu huyo akipotea, kasiksi nayo imepotea. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Leo wapo wanaoongeza maji na sukari, wakauza barabarani kwa mpita njia wasiyemtarajia tena. Wapo pia wanaoikimbilia kanyanga, pombe kali ya kukenekwa, inayomwangusha kijana kabla ya saa sita mchana. Mimi siitetei pombe ya namna hiyo. Mjomba alikunywa baada ya kazi, pamoja na watu, na kibuyu kilipokwisha aliaga akaenda kulala.

Migomba nayo imepata pigo. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, kwa mara ya kwanza nchini Kongo. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Wadudu huubeba ugonjwa huo kutoka ua moja hadi jingine, na panga chafu huueneza shamba zima. Kisha Februari 2024 vita vilifika Shasha na kukata ile barabara ya Sake na Minova, familia zikakimbia na kuacha mikungu mitini. Shimo la ndizi huhitaji mtu anayejua kwamba kesho kutwa atakuwepo kulifukua.

Usiku ule wa arusi nilijimiminia, nikanywa kwanza, kisha nikamsogezea kijana bilauri. Alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema ina uchachu unaomkumbusha lambiki, lakini harufu yake ni ya ndizi iliyoiva. Alilinganisha kwa ulimi wake mwenyewe, nami nikaridhika.

Basi ndugu msomaji uliye na migomba, vichana vya mwisho vya ndizi vikishatoka, likate lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na ulikate kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lako lipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Nawe unayekunywa, muulize anayekuuzia kasiksi imetengenezwa na nani, na mwombe anywe kwanza. Akikataa, rudisha kibuyu.