Kubisha Hodi

Mwaka jana wanachuo wa ualimu waliniita nitazame filamu yao fupi juu ya maji safi, waliyoipiga kwa simu. Ilipendeza. Ndani yake ulisikika wimbo wa mwanamuziki maarufu, toka mwanzo hadi mwisho. Nikauliza kama aliombwa ruhusa. Binti mmoja akajibu kwa adabu, "Mzee, sisi hatuuzi. Ni kazi ya masomo tu."

Hakusema upuuzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika, na mtunzi atajwe. Lakini kupamba filamu si kufundisha. Tena wimbo una haki mbili: ya aliyetunga, na ya walioimba na kurekodi.

Hata hivyo, msomaji wangu, si sheria iliyoninyima usingizi usiku ule. Nilipokuwa mkuu wa chuo, mlinzi wetu alitunga wimbo. Kwaya ikauimba katika mashindano, ikapata ngao. Mgeni rasmi alipouliza mtunzi ni nani, nikajibu, "Ni wetu sote." Mlinzi alikuwa amesimama langoni, anasikia. Hatukuuza kitu wala kupata senti. Je, sikumnyang'anya?

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaiuza haki yake kwa shilingi 10. Mwaka 1961 wimbo ukavuma Marekani kwa maneno ya Kiingereza, na watunzi walioandikwa walikuwa wengine. Mwaka uliofuata akafa maskini. Warithi wake walipata suluhu mwaka 2006. Tunalilia fedha alizokosa, lakini jina lake liliachwa kwanza. Fedha zilifuata njia hiyohiyo.

Niliwaambia wanachuo kwamba kuomba ruhusa ni kubisha hodi. Anayebisha hodi amekiri kuwa ndani mna mwenye nyumba. Akikataliwa, arudi akapige ngoma yake mwenyewe. Nao wakafanya hivyo: wakautoa wimbo ule, wakarekodi marimba ya mwenzao, na jina lake likaandikwa mwishoni.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mlinzi wetu amekwisha fariki. Ngao ingali kabatini pale chuoni, na jina lake halimo. Ndiyo maana nimeandika ukurasa huu.