Ajali na Kinga

Misiba ya watu wa Mugango, kama misiba ya mahali pengi, haikosi maneno haya: ajali haina kinga. Mtumbwi wa dagaa hupinduka usiku usio na mwezi, au mgonjwa huzidiwa kabla ya kufikishwa Musoma. Na mzee mmoja, baada ya kunyamaza kwa adabu, huyatamka ili kuwaliwaza wafiwa. Hapana mtu wa kuyapinga. Zamani neno ajali lilikuwa na maana ya siku ya mwisho ambayo kila kiumbe amepangiwa na Muumba wake, na siku hiyo haikingiki kwa ngao wala kwa hirizi. Baadaye neno lilipanuka likabeba magari yaliyogongana na vyombo vilivyozama. Maana ilipanuka, lakini methali ikabaki vilevile. Hapo ndipo swali la adili linapozaliwa: je, kila jambo liitwalo ajali leo halina kinga kweli?

Mugango yenyewe ina jibu la kwanza. Hapo maji ya Ziwa Viktoria huchotwa kwa mitambo na kusukumwa mpaka Kiabakari na Butiama. Watu wa kale walioshikwa na kipindupindu hawakuwa na wa kumlaumu, maana hawakujua ugonjwa ulikotoka. Daktari John Snow alipoonyesha, mjini London mwaka 1854, kwamba ugonjwa huo husafiri katika maji machafu, msiba ulianza kuhama. Ulitoka katika hesabu ya majaliwa ukaingia katika hesabu ya wajibu. Bomba likikauka kwa uzembe, na watu wakanywa maji ya madimbwi wakaugua, hapana haki ya kumsingizia Mungu jambo hilo.

Jibu la pili ni jipya zaidi, nalo lilipita angani. Kusini-magharibi ya Mugango, nyuma ya nchi ya Majita, viko visiwa vya Ukerewe na Ukara. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za majaribio ya miezi 6 yaliyofanywa na kampuni za Kijerumani za DHL na Wingcopter pamoja na GIZ, shirika la Ujerumani la ushirikiano wa kimataifa. Ndege ndogo isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka bara mpaka Ukerewe. Safari yake ya kilomita 60 juu ya maji ilichukua dakika 40 kwa wastani, hali njia ya kuzunguka bara, yenye kilomita 240, huchukua saa 6.

Katika chombo hicho kimoja zilikutana elimu nne. Elimu ya urukaji ilikipa rafadha zinazogeuzwa: huelekea juu kinapopaa na kutua, kisha hulala mbele kikasafiri kwa mabawa. Elimu ya vitu vya kuundia ilikipa mwili mwepesi, maana vyombo vya jamii hii aghalabu hujengwa kwa nyuzi nyembamba za kioo au kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Elimu ya roboti ilikipa uwezo wa kufuata njia yake pasipo mkono wa mtu kwenye usukani. Elimu ya tiba ndiyo iliyokipa sababu ya kusafiri.

Watu husifu chombo cha namna hii kwa wepesi wake, lakini liko jambo kubwa kuliko wepesi. Kabla ya majaribio hayo, mgonjwa wa kisiwani aliyekosa dawa iliyokuwako Mwanza aliweza kusemwa kuwa ameuawa na umbali, na umbali hauna dhambi. Baada ya majaribio hayo, umbali umepimwa ukaonekana kuwa dakika 40. Dawa isipofika, ni vigumu kuendelea kulilaumu ziwa. Kila uvumbuzi humwongezea mwanadamu nguvu, na papo hapo humnyang'anya udhuru aliokuwa nao jana.

Yamkini mtu atajibu kwamba majaribio si huduma, kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kununua kila chombo kipya, na kwamba wajibu haumlazimu mtu kupita uwezo wake. Hoja hii ni nzito, tena ina haki. Muuguzi wa zahanati ambaye kabati lake ni tupu hadaiwi kitu. Dhima hugawanywa kwa kadiri ya ujuzi na mamlaka. Walakini uwezo si neno la kukisia. Rwanda, nchi isiyo tajiri, ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Basi mwenye mamlaka asemaye "hatuwezi" hana budi kuonyesha hesabu zake: amelinganisha nini na nini, na ametanguliza lipi. Huenda akaona kwamba boti imara ya wagonjwa, au ghala la dawa kisiwani, lafaa kuliko ndege. Akichagua hivyo kwa hoja, ametimiza wajibu wake. Asiyechagua lolote hakutimiza kitu, hata akiitaja methali mara mia.

Mwaka huohuo, katika wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, lilitokea jambo lisilosahaulika. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichopewa jina la mwana wa Butiama, kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi maradufu ya idadi hiyo. Kinga ya msiba huu haikuhitaji nyuzi za kaboni wala roboti. Ilihitaji mtu wa kuhesabu, na moyo wa kumwambia abiria wa 102: subiri. Elimu hiyo ni kongwe kuliko vyombo vyote vya moto. Ni dhahiri, basi, kwamba uvumbuzi mpya haulipi deni la zamani. Waweza hata kulificha, watu wakitazama juu kushangilia kinachoruka, wakasahau kinachoelea.

Je, methali itupwe? Hasha. Siku mbili baada ya kivuko kupinduka, fundi wake mmoja alitolewa hai ndani ya chombo, mahali palipobakia hewa. Kwa nini yeye, wala si mwingine? Hapo elimu hunyamaza, na majaliwa yana neno lake. Hata vyombo vyote vikiwa vizima na wasimamizi wote wakiwa waangalifu, dhoruba itabaki, na kifo kitabaki.

Lakini methali hiyo ina mwenyewe. Mzee wa Mugango amwambiapo mama aliyefiwa kwamba ajali haina kinga, anamwondolea majuto asiyostahili, na maneno yake ni rehema. Msimamizi aliyeacha kuhesabu abiria hawezi kuyatumia maneno yayo hayo kujitetea, maana kinga ilikuwako, tena mikononi mwake.