Subira, Khofu na Ukimya wa Wazee

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake, na waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Liko swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za Maskati zinazosema Kiswahili, nalo kwa dhahiri yake ni dogo na kwa undani wake ni zito. Bibi aliyevuka bahari akiwa msichana huamka usiku kutazama kama mlango umefungwa, kisha huamka tena. Amehiji, hapitwi na sala, na ulimi wake haukauki kwa dhikri. Mjukuu wake aliyezaliwa Omani, ambaye hajapata kuuona usiku wa khofu tangu azaliwe, humuuliza: Bibi, unaogopa nini? Naye hujibu kuwa hapana kitu, akageuza maneno. Moyoni mwake hujihukumu. Hudhani ya kuwa lau angekuwa anamtegemea Mola wake kikweli, khofu ile ingelikwisha zamani. Na hudhani tena kuwa kuyasema yaliyompata ni kuipoteza thawabu ya subira. Haya ni mambo mawili, na kila moja lina hukumu yake.

Asili ya khofu hiyo si siri. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ilipinduliwa serikali ya Unguja, ikiwa imepata mwezi mmoja tu na siku chache tangu uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963. Katika siku zilizofuata waliuawa watu kwa maelfu, na wanahistoria hawajaafikiana juu ya idadi yao. Wengi waliouawa walikuwa Waarabu, mjini na mashamba. Wengine walifungwa, wakanyang'anywa nyumba na mikarafuu yao, na wengine wakapakiwa vyomboni kupelekwa Omani, nchi ambayo wengi wao waliijua kwa jina tu. Na Omani ya wakati ule haikuwa hii inayoonekana leo. Milango ya mji wa Maskati ilikuwa ikifungwa usiku, na mwenye kutembea baada ya hapo ilimlazimu achukue fanusi. Skuli za serikali zilikuwa tatu tu katika nchi nzima. Kwa hiyo wengi walitawanyika: Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza. Ilipofika tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala, aliwaita Waomani walioko nje warejee, nao wakarejea waalimu, wauguzi, makarani na mafundi, na nchi ikawahitaji wote. Lakini Kiarabu cha wengi wao kilikuwa kizito, na watoto wao wakaitwa Wazanzibari katika nchi ya babu zao, baada ya wazee wao kuitwa Waarabu katika nchi waliyozaliwa.

Na ni ajabu ya kadari ya Mwenyezi Mungu kwamba miaka mingi kabla ya hayo, Sheikh Nasir bin Salim Al-Bahlani, maarufu kwa jina la Abu Muslim, mwanachuoni na kadhi aliyezaliwa Omani na kufa Unguja mwaka 1920, alikuwa akitunga kasida za kuililia Omani akiwa kule kule Unguja. Kisha wakaja watu wa kuililia Unguja wakiwa Omani. Bahari ni ile ile.

Ama khofu yenyewe, Qur'ani haikuifanya kuwa ni dosari ya imani. Nabii Musa (A.S.) alitoka mjini kwa Firauni akiwa na khofu, akiangaza huku na huku, na hayo yametajwa katika Surat Al-Qasas; na siku aliposimama mbele ya wachawi aliihisi khofu nafsini mwake, kama ilivyo katika Surat Taha. Hakulaumiwa kwa hilo. Alitulizwa. Mtume wetu (S.A.W.) alimpoteza bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanachuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni bila ya kuona kuwa jina hilo linampunguzia daraja. Alipofariki mwanawe Ibrahim alilia, na Sahaba mmoja alipostaajabu, akamfahamisha kuwa machozi yale ni rehema, na kwamba ulimi ndio usioruhusiwa kusema la kumchukiza Mola. Basi aliyedhani kuwa mwenye kutawakali hafadhaiki, amejitwika daraja ambayo Mitume hawakuamrishwa kuwa nayo.

Katika wote hao, hali ya mama yake Musa ndiyo inayofanana zaidi na ya bibi anayeamka usiku. Alimtia mwanawe sandukuni, akamwachia mto, na alikuwa ameahidiwa na Mola wake kwamba atamrejeshea. Pamoja na ahadi hiyo, Surat Al-Qasas inaeleza kuwa moyo wake ulibaki mtupu, na ilikaribia aifichue siri, lau Mwenyezi Mungu asingeliutia nguvu moyo wake. Kisha alifanya nini? Hakukaa akingoja ahadi itimie. Alimtuma dada yake Musa aufuate mto kwa mbali, atazame. Moyo mtupu, na mguu unaotembea: vyote viwili vilikuwa ndani ya tawakkul, wala kimoja hakikukibatilisha kingine. Vivyo hivyo, ilipokuja tufani ya Gonu mwezi wa Juni 2007 na mabonde ya Maskati yakafurika mpaka ndani ya mitaa ya Al-Qurum, aliyewatoa watoto wake mabondeni kabla ya maji hakuwa na imani pungufu kuliko aliyebaki.

Na watu wa madhehebu ya Ibadhi wanayo katika tarikhi yao hoja iliyo wazi kuliko zote. Imam Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, mwanafunzi wa Imam Jabir bin Zayd (R.A.), alifungwa Basra na Al-Hajjaj bin Yusuf, asitoke mpaka alipokufa Al-Hajjaj mwaka 95 Hijria. Baada ya hapo alisomesha kwa siri chini ya ardhi. Alikuwa msusi wa vikapu, na imepokewa kuwa mlangoni alikaa mlinzi mwenye mnyororo; akiona mgeni huutikisa, na darsa likageuka kuwa kazi ya kusuka makuti. Hakuna aliyesema kuwa mnyororo ule ulikuwa ni uchache wa tawakkul. Bali wanachuoni waliiingiza hali hiyo katika njia nne za dini, wakaiita kitman, yaani kujificha wakati wa kushindwa nguvu, ikiwa na hukumu zake kama ilivyo na zake hali ya kudhihiri. Sheria iliyoipangia khofu mlango wake haiwezi kuwa inamhukumu mwenye khofu kuwa hana imani.

Ama jambo la pili, nalo ndilo zito, ni la ukimya. Wazee wengi waliopita walidhani kuwa subira njema ni kutosema. Husomewa kisa cha Nabii Yaaqub (A.S.), kwamba alisema huzuni yake anamshtakia Mwenyezi Mungu peke yake, na hapo husimama. Lakini katika Surat Yusuf, aya iliyo kabla ya hiyo inaeleza kuwa wanawe walimlaumu kwa kuwa haachi kumtaja Yusuf, mpaka wakamkhofia kuangamia. Basi hakunyamaza. Miaka na miaka jina la Yusuf lilikuwa likitajwa nyumbani mwake, mbele ya wale wale waliomtupa kisimani. Macho yake yalipofuka kwa huzuni, na huzuni yake ilijulikana na kila aliyekaa naye. Kisha, katika aya inayofuata, akawaamrisha watoke wakamtafute Yusuf na nduguye. Alichojizuia nacho ni kumlalamikia Mola wake kwa viumbe. Kuna kumshtakia Mwenyezi Mungu, na kuna kumshtaki Mwenyezi Mungu. La kwanza ni ibada, na la pili ndilo linaloondoa subira. Kumweleza mjukuu kuwa babu yake alitolewa shambani na hakuonekana tena, si lolote katika mawili hayo. Ni khabari, na mrithi ana haki ya kuijua.

Tena inafaa itazamwe kitman ilimficha nani na nani. Abu Ubayda aliwaficha maliwali na majasusi wao, wanafunzi hakuwaficha. Ndani ya kile chumba cha chini yalisemwa yote, na waliotoka humo waliibeba elimu mpaka Omani na Maghribi. Mzee anayewaficha watoto wake ameigeuza kitman juu chini: adui wa mwaka 1964 anayajua aliyoyafanya, na mtoto wa nyumbani ndiye asiyejua. Mtoto huyo huiona khofu bila ya sababu yake. Huona mlango unafungwa mara mbili, huona mama anainuka chumbani ikitajwa Januari, naye hujaza nafasi iliyo tupu kwa anayoyasikia kwa watu wengine, na aghlabu ni mabaya kuliko kweli yenyewe.

Ni kweli kwamba wako walionyamaza kwa nia njema, wakichelea kupanda chuki. Khofu hiyo ina haki. Kwa hivyo anayesimulia na asimulie kama atoaye ushahidi mbele ya kadhi: aliyoyaona aseme kuwa ameyaona, aliyoyasikia aseme kuwa ameyasikia, na asiyoyajua ayaache. Asiwatie watu wote katika kosa la baadhi yao, kwani Surat Al-An'am inakataza nafsi kubebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na ambaye hali yake haijulikani hukumu yake kwa Maibadhi ni wukufu: hapendwi kwa dini wala hachukiwi. Amtaje pia jirani Mswahili aliyewaficha ndani ya nyumba yake, ikiwa alikuwepo. Na hapa ndipo penye uzito kwa wengi: Surat An-Nisaa inaamrisha kushuhudia kwa uadilifu hata juu ya nafsi na wazazi. Basi asimulie pia kwamba utumwa ulikuwepo Unguja mpaka ulipopigwa marufuku mwaka 1897, na kwamba miongoni mwa mababu wamo waliowamiliki watu mashambani. Hilo halihalalishi damu ya mtu yeyote iliyomwagwa. Lakini shahidi anayeeleza nusu, kadhi humrudisha aeleze nusu iliyobaki.

Wala wasidhani vijana kuwa wazee wao waliobeba haya walikuwa wanyonge. Sheikh Ahmed bin Hamed Al-Khalili alizaliwa Unguja mwaka 1942 na kupata elimu yake ya mwanzo huko. Akahama katika mapinduzi ya mwaka 1964, na mwaka 1975 akawa Mufti wa Omani. Wengine wasiojulikana majina yao walifungua skuli na zahanati za mwanzo za nchi hii mchana, na usiku wakaamka kutazama milango.

Imebaki hali ya mzee ambaye hawezi kusema kabisa, kila akianza sauti humkatika. Huyo halazimishwi. Hana deni la kuwasimulia watu kitu ambacho kukitaja kunamdhuru, na mtoto anayemshika kwa maswali mbele ya wageni amekosa adabu, hata kama nia yake ni kujua. Na akae naye baada ya Isha, amwagie kahawa, amuulize jina la mtaa, au jina la mwalimu wa chuo, au mwembe uliokuwa mbele ya nyumba. Likija jingine baada ya hapo, litakuja. Na usiku akimsikia bibi yake anauendea mlango, basi ainuke naye, autazame pamoja naye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.