Haki ya Asiyekuwapo

Kitu kikiwa haba, nani astahili kupewa kwanza? Wengi hujibu upesi: aliyetangulia kufika. Jibu hili lina sura nzuri, maana foleni haimjui tajiri wala maskini. Lakini, kijana msomaji, usiridhike na sura ya jambo kabla ya kulipima.

Mwezi wa Aprili, mwaka 2022, petroli na dizeli ziliadimika nchini Kenya. Serikali iliwalaumu wauzaji kwa kuficha mafuta. Wauzaji walinung'unikia ruzuku ambayo serikali ilichelewa kuwalipa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mijini, madereva walipanga foleni ndefu na kungoja kwa saa nyingi, na shida yao ilionekana na kila mpita njia.

Sasa geuza uso wako kaskazini. Bomba la mafuta litokalo Mombasa hukoma Eldoret na Kisumu. Kutoka huko mafuta ya Turkana huchukuliwa kwa malori, yakapita Kitale hata Lodwar. Mengine huendelea mpaka Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mbali zaidi, kwenye ufuko wa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, iko Todonyang. Katika nchi kame kama hiyo dizeli si anasa. Huendesha pampu ya kisima, huleta lori la chakula cha msaada, na humfikisha hospitalini Lodwar mama aliyeshindwa kujifungua. Tena mwaka ule wa 2022 ulikuwa wa ukame mkuu: tangu mwisho wa 2020 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na mifugo ilikufa kwa wingi.

Fikiri basi. Mama mjamzito wa ziwani hawezi kusimama katika foleni ya Nairobi. Mzee angojaye maji hayumo. Hawakuchelewa kwa uvivu; hawana njia ya kufika. Foleni huamua baina ya waliopo, nayo haina habari za wengine. Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yatueleza jinsi dunia ilivyo; haituamuru tuiache iwe hivyo. Wala mtu asidhani kwamba Turkana ni mpokeaji tu. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika ardhi yake, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi iliuzwa ng'ambo kupitia Mombasa.

Huenda ukaniuliza: je, dereva wa teksi aliyengoja tangu alfajiri hana watoto? Anao, na njaa yao ni njaa. Tena, tukianza kupima shida za watu, nani atakuwa mpimaji asiyependelea nduguze? Hoja hii ni nzito, nami sisemi foleni ivunjwe. Nasema kwamba kabla haijaanza, sehemu itengwe kwa ajili ya maji, wagonjwa na chakula cha wenye njaa. Kanuni hiyo yaweza kuandikwa wazi wakati wa neema, ambapo hapana asukumanaye na mwenziwe. Nyumba yenye adabu hufanya hivyo kila siku: chakula cha mchungaji aliye malishoni huwekwa kando kwanza, ndipo waliopo wanapoanza kula. Hapana anayesema kwamba wameonewa.

Serikali ina wajibu wake, nasi tuna wetu. Ajazaye gari lake, kisha akajaza na mitungi mitatu ya akiba kwa hofu ya kesho, hakuiba, kwa kuwa amelipa. Hata hivyo ametwaa zaidi ya haja yake wakati wa uhaba, na upungufu huo utamwangukia mtu fulani. Kwa kawaida humwangukia aliye mwisho wa njia, asiyeweza kufika kulalamika. Haki ya kweli hupimwa kwa jinsi tunavyomtendea mtu huyo, ambaye hatumwoni naye hatuoni.