Nadhiri ya Mpiga Mbio

Kila mwaka, Februari ikielekea kwisha au Machi ikianza, mji wa Moshi hujaa wageni waliokuja kwa mbio ndefu ziitwazo Kilimanjaro Marathon. Urefu wake ni kilometa 42 na mita 195, kama ulivyo urefu wa mbio zote za jina hilo duniani. Wale wa mbele twawafahamu bila taabu: mbio ni kazi yao, nao hutafuta fedha ya ushindi kama seremala atafutavyo ujira wake. Lakini mtu akisimama kando ya barabara ya Mweka muda mrefu baada ya hao kupita, ataona kundi jingine likipanda polepole: walimu, wauguzi, makarani, wafanya biashara, na wengine wamekwisha kuota mvi. Hao hawana tumaini la zawadi. Kiingilio wamekilipa wenyewe. Hakuna aliyewatuma, na wakiketi chini ya mgomba, kisha wakarudi mjini kwa gari, hakuna awezaye kuwadai neno. (Kwamba mbio hizi hufanywa asubuhi ya Jumapili, hilo ni shauri la siku nyingine, tukilishika leo hatutafika tuendako.)

Swali letu ni hili: mtu aliyeahidi jambo kwa nafsi yake peke yake, je, amefungwa nalo? Wako wasemao hapana, na hoja yao si ya kitoto. Ahadi, wasema, ina watu wawili, atoaye na apokeaye, kama vile deni lilivyo na mdaiwa na mdai. Mdai ana mamlaka ya kusamehe. Mtu akiwiwa na jirani yake magunia mawili ya mahindi, naye jirani akasema, "Yaache," deni limekufa palepale. Basi aliyejiahidi mwenyewe ni mdai na mdaiwa katika ngozi moja. Siku atakayochoka atajisamehe, wala hakuna aliyedhulumiwa. Kamba ambayo aliyefungwa aweza kuifungua apendapo, je, ni kamba?

Tusijibu upesi. Na tumfikirie kwanza mtu mmoja wa lile kundi la nyuma, ili tusinene hewani. Awe mwalimu wa shule ya msingi, mama aliyepita miaka arobaini, mwenye watoto wawili, ambaye hakupiga mbio tangu usichana wake. Mwezi wa Oktoba ameandika jina lake. Ana miezi minne ya kujitayarisha.

Juma la kwanza aenda nusu saa, akikimbia kidogo na kutembea kidogo, na kesho yake magoti yamshitaki. Watu wamwuliza njiani ni nani amfukuzaye. Mbwa wamjua kabla ya wenye mbwa. Novemba mvua za vuli zaja, na njia za migombani zawa utelezi mtupu. Ajifunza ya kuwa pumzi huja upesi kuliko mifupa: baada ya majuma sita kifua chamruhusu kwenda mbali, lakini mishipa ya kisigino na mfupa wa muundi hutaka miezi ili kupata nguvu, na mwenye haraka huishia kukaa nyumbani na mguu uliovimba. Kwa hiyo huongeza mwendo kidogo kidogo. Siku moja kwa juma aenda mwendo mrefu, kilometa 15, kisha 20, kisha 25, hata siku moja ya Januari afikisha 30. Siku nyingine apumzika, na kupumzika huko nako ni sehemu ya kazi, neno ambalo wenye bidii hulisadiki kwa shida.

Tena ajifunza habari za chakula. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na katika nyama za miguu, itokayo katika ugali, ndizi na viazi. Lakini kwa watu wengi akiba hiyo huelekea kwisha karibu na kilometa 30. Baada ya hapo mwili hauna budi kutegemea zaidi mafuta yake, na mafuta huwaka polepole kama kuni mbichi. Hapo miguu huwa mizito, hata akili yenyewe huingia giza. Mtu aweza kulia asijue aliliacho. Mazoezi huisogeza mbele saa hiyo, lakini hayaiondoi. Kumbe, ajiandikishaye kwa mbio hizi amejiandikisha kwa giza hilo pia. Tulishike neno hili, maana tutalihitaji.

Lakini vita vyake vikubwa havipigwi njiani, vyapigwa kitandani. Ni saa kumi na moja alfajiri, mvua yagonga bati, blanketi lina joto. Jana jioni alisema, "Kesho nitakwenda." Sasa yule wa alfajiri ataka kujisamehe deni la yule wa jioni, na maneno yake ni mazuri ajabu: koo lakwaruza kidogo, kesho kutwa pengine patakuwa pakavu, siku moja si kitu. Hapa ndipo ile hoja ya mdai na mdaiwa inapoanza kuvuja. Ni kweli, wote wawili ni mtu mmoja. Lakini yule wa jioni alikuwa na hesabu yote mezani, miezi iliyopita na miezi iliyosalia, faida na gharama. Yule wa alfajiri ana blanketi tu. Naye ataka kuwa mdaiwa, na mdai, na hakimu juu yao, katika saa ile ile ambayo hukumu itamnufaisha. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hakuna baraza la kijiji litakalomkubali hakimu wa namna hiyo hata katika shauri la mbuzi mmoja. Kwa nini tumkubali katika shauri la nafsi? Mamlaka ya kusamehe yapo, hatukatai, lakini hayakuwekwa mikononi mwa yeyote aliyechoka saa ile.

Twaweza kuliona jambo hili wazi zaidi tukimtazama mpiga mbio ambaye mdai wake alikuwa mwingine. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki, watu 75 walianza mbio za masafa haya haya katika Mexico City, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, mahali ambapo hewa ni haba kwa mpandaji na kwa mpiga mbio. Siku hizo sheria za Olimpiki ziliwakataa waliolipwa kwa michezo, hivyo wote walihesabiwa kuwa wapenda mbio tu. Mmoja wao alikuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania. Kabla ya kufika nusu ya safari alianguka. Goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa vitambaa, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao, akichechemea, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. 18 walikuwa wameacha. Alipoulizwa kwa nini hakuacha naye, alijibu kwa maana hii, ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize. Wala hakuwa mpiga mbio dhaifu, kama wengine wadhanivyo kwa kusikia habari hii moja tu: mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika mbio hizi hizi.

Jibu lake limependwa duniani kote, na ni haki. Lakini Akhwari alikuwa na msaada ambao mwalimu wetu hana. Mdai wake alikuwa nje ya ngozi yake. Nchi haikuwapo pale barabarani iweze kumwambia, "Basi, yatosha." Mdai wa mwalimu wetu akimbia naye bega kwa bega, na kila hatua amnong'oneza ya kuwa yu tayari kusamehe.

Wala tusimsahau mtu mwingine wa siku ile ile. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu na Tokyo mwaka 1964, aliacha mbio za Mexico City baada ya kilometa 17 hivi, kwa sababu ya mguu uliokuwa na maumivu. Yeye naye alitumwa na nchi yake. Hatujasikia mtu mwenye busara akimwita mvunja ahadi.

Basi kumaliza si wema katika kila hali. Wasomaji wa Maandiko wamjua Yeftha, aliyeweka nadhiri ikamgharimu binti yake, na Herode, aliyekitunza kiapo chake kwa kichwa cha Yohana. Walitimiza, ndiyo, lakini hakuna mwalimu awawekaye mbele ya watoto kuwa kielelezo. Katika mbio za Stockholm, Julai 1912, siku ya jua kali, Francisco Lázaro, seremala wa Ureno, alianguka alipokuwa amekwisha kwenda karibu kilometa 30, akafa siku ya pili yake. Katika mbio zile zile, mwanafunzi wa Japani aitwaye Shizo Kanakuri alishindwa na joto, akageuka kando, akapokewa na watu waliompa kinywaji, kisha akaenda kwao bila kuwaarifu wasimamizi. Mwaka 1967, akiwa mzee, alialikwa tena Stockholm akaufikia mwisho wa mbio zake, na muda wake ukaandikwa kuwa miaka 54, miezi 8, siku 6 na saa kadha wa kadha. Yeye mwenyewe alilitania jambo hilo, nasi twacheka pamoja naye. Lakini twaona ni heri kuchelewa miaka 54 kuliko kutorudi nyumbani.

Turudi kwa mwalimu wetu, maana swali limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa tulipoanza. Siku ya mbio imefika. Nusu ya kwanza imempitisha mjini na katika barabara kuu iendayo Dar es Salaam, nchi tambarare, kisha akarudi. Nusu ya pili yapanda kuelekea Mweka, na jua limepanda pamoja naye. Amefika kilometa ya 31. Akiba imekwisha. Afanye nini?

Twaona asiiulize miguu. Amwulize yule wa Oktoba, aliyeandika jina lake akiwa na akili timamu: "Kama ungaliambiwa siku ile ya kuwa jambo hili litanipata, ungalisema niendelee au niache?" Uzito wa miguu, malengelenge, huzuni isiyo na sababu, aibu ya kupitwa na wazee, yote hayo yule wa Oktoba aliyajua au aliambiwa. Yalikuwamo katika hesabu, kwa hiyo hayawi sababu ya kusamehewa. Lakini akisikia baridi katikati ya jua, akipepesuka na kusahau mahali alipo, akibanwa na kifua, hayo hayakuwamo. Yule wa Oktoba ana watoto wawili. Hakuweka nadhiri ya kuwaacha yatima. Hapo kuacha ni kuishika ile nia ya kwanza, si kuivunja. Na goti la Akhwari je? Hapo kipimo chetu chasita kidogo. Lakini maisha yake hayakuwa hatarini, na yule Akhwari aliyeaga nyumbani labda angalisema, "Endelea," hata angalijua. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumjibia.

Kwa sababu hii twaithamini ile miezi minne kuliko siku yenyewe ya mbio. Mtu aliyelala kila alfajiri ya mvua hajui kutofautisha sauti ya uvivu na sauti ya hatari. Zote mbili humlilia kwa kelele moja. Aliyeondoka kitandani mara sitini amezisikia mara nyingi, tena pengine mara moja au mbili alirudi nyumbani kwa haki, kisigino kikimwuma kweli, akajua tofauti. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na viatu asubuhi ya mbio.

Liko neno jingine, nalo ni zito. Asubuhi zile sitini, nani alipika uji? Kama mume wake aliamka akawasha moto, au binti mkubwa aliacha daftari lake akawasha yeye, basi nadhiri ile ilikoma kuwa ya mtu mmoja. Watu wa nyumbani wamelipa sehemu ya gharama, nao wamekuwa wadai wadogo bila kuulizwa. Tumeona watu wakijisifu kwa kujinyima, kumbe walionyimwa ni wengine. Kwa hiyo twapenda mwenye kujiandikisha Oktoba aulize kwanza mezani pake, chakula kikiwa bado ki moto, kama wote wakubali. Na akijibiwa hapana, asiikimbilie barabara kama mtu aliyenyimwa haki.

Huyu wetu, tuseme, aliuliza akakubaliwa. Aliingia uwanjani baada ya saa tano na nusu. Mshindi alikuwa amekwisha kuoga na kula. Akapewa nishani ndogo ambayo kila amalizaye hupewa, na chupa ya maji, akaketi majani akavua viatu, akatazama ukucha mweusi wa kidole gumba. Jumatatu alifika shuleni mapema, akavishuka vipandio viwili vya ofisi kinyumenyume akishika ukuta, kwa kuwa mapaja yalikataa njia nyingine. Watoto walicheka sana, naye pia.