Mwalimu wa Kiingereza Akue Kuelekea Wapi?

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na kila serikali ina jibu lake mwalimu anapoulizwa amepanga kukua vipi. Upande wa Kenya, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianzisha mwaka 2021 mafunzo ya moduli, na mwalimu akatakiwa ajilipie shilingi 6,000 kila mwaka. Upande wa Uganda, tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hulipwa shilingi milioni nne za huko kwa mwezi, ilhali mwenzake wa masomo ya sanaa, na Kiingereza kimo humo, aliachwa kwenye milioni moja na ushei. Huku ukuaji ni cheti, kule ni somo ulilobahatika kusomea ujanani. Na wanafunzi ni walewale: Wasamia wa ng'ambo zote mbili za Mto Sio, Wateso wa Malaba na Tororo, watoto wa ukoo mmoja waliotengwa na mstari ambao hata babu zao hawakuulizwa juu yake. Katika majibu yote mawili yule mtoto hatajwi. Nadhani hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la falsafa kabla halijawa la utawala. Tumeuchukua ukuaji wa mwalimu kuwa ni kupanda kwake, na tukishafanya hivyo, mwalimu anaweza kukua miaka 30 mfululizo na darasa lake lisijue.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko ofisi zetu. Mwaka 1095 Abu Hamid al-Ghazali alikuwa amefika juu kabisa kwa kazi yake: mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, anayesikilizwa na mamia. Akaacha. Katika maelezo yake juu ya maisha yake anasema alipoipekua nia yake ya kufundisha hakuikuta safi. Kilichomsukuma kilikuwa cheo na kuenea kwa jina. Miaka kama 11 baadaye alirudi kufundisha, Nishapur, na akashikilia kwamba hakurudi palepale alipotoka. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kile alichokuwa akikitafuta ndani yake. Wala si jambo la Waislamu peke yao, kwani Mtakatifu Agostino wa Wakristo naye, karne saba kabla, aliandika kitabu kizima kuhusu mwalimu akihoji kama maneno ya mtu yanaweza kweli kumfundisha mtu mwingine, au yanamwelekeza tu atazame. Ikiwa kazi ya mwalimu ni kumwelekeza mwingine atazame, basi kupimwa kwa urefu wa ngazi aliyosimama yeye ni kupimwa kwa kitu kisichohusika.

Tuone kuelekeza huko katika kosa dogo la kila siku la darasani. Mtoto wa kidato cha kwanza anaandika kuhusu mama yake kwa "he". Mwalimu anaweka alama nyekundu, anasonga mbele. Wiki ijayo kosa limerudi. Lakini katika Lusamia, kama katika Kiswahili, kiambishi "a-" ni cha baba na ni cha mama. Sarufi haimwulizi msemaji jinsia ya mtu hata siku moja. Ateso ina njia nyingine kabisa, kwani nomino zake zenyewe hubeba viambishi vya kike na vya kiume. Watoto wawili wa dawati moja wanakikaribia Kiingereza kutoka pande mbili tofauti, na alama nyekundu ni moja. Au tazama kiambishi "-ni" cha Kiswahili: "niko shuleni," "naenda shuleni," "natoka shuleni." Neno halikubadilika, uhusiano wote umebebwa na kitenzi. Kiingereza kinataka maneno matatu mbalimbali hapo, na mtoto anayeyachanganya si mzembe, anatii sarufi aliyonyonya. Mwalimu anayelijua hili anasahihisha akili, asiyelijua anasahihisha karatasi. Kulijua kunadai ajifunze lugha ya jirani akiwa mtu mzima, akosee matamshi mbele ya watoto, wamcheke. Huo ndio ukuaji ninaousema, nao hauna moduli. Na una ndugu yake: mwalimu wa lugha asome na aandike mwenyewe, kwa hiari, vitabu visivyo vya mtihani. Tunamdai mtoto insha kila wiki. Ni walimu wangapi wameandika hata moja tangu chuoni?

Nitaambiwa kwamba al-Ghazali aliacha mshahara mnono, na kwamba ni rahisi kumhubiria nia safi mtu mwenye karo za watoto watatu. Ni kweli, na walimu wa sanaa wa Uganda waliogoma Juni 2025 walikuwa na haki. Lakini waliyodai ni haki ya ujira, na ujira ni deni la mwajiri kwa kazi iliyofanyika. Madhara huanza serikali inapougeuza ujira kuwa zawadi ya "ukuaji", kwa maana hapo mwenye njaa analazimika kuigiza kukua. Lipeni kwanza, kisha ulizeni habari za kukua. Wengine watasema kisichopimwa hutelekezwa. Sikatai kipimo, nakataa kipimo kinachoishia kwa mwalimu. Madaftari ya muhula wa kwanza na wa tatu yakiwekwa pamoja mezani yatasema mengi kuliko cheti.

Pingamizi zito zaidi ni la wale watakaouliza kwa nini mtu akue ndani ya lugha ya mkoloni. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe. Wengi hukumbuka kuvunjwa tu. Hoja yao ilikuwa kwamba Afrika ikae katikati na mengine yasomwe kutokea hapo, fasihi simulizi ikiwemo. Mwalimu anayefika kwenye Kiingereza kupitia Lusamia, Ateso au Dhopadhola ya Tororo anafanya hivyohivyo kwenye sarufi. Kwa hiyo mwalimu wa Busia au Tororo atakayepewa fomu ya malengo muhula ujao, aandike lugha moja ya wanafunzi wake atakayojifunza na kitabu kimoja atakachosoma bila kuamriwa. Na mkuu wa shule, muhula ukiisha, amwulize amefika wapi, kwa lugha hiyohiyo.